Oili Nzito na Haki ya Mnunuzi

Gari likitoa moshi wa bluu asubuhi tu linapowashwa, nashuku sili za valvu. Likitoa linapopanda mlima, na nguvu hakuna, nashuku ringi za pistoni. Kukisia hakutoshi: nafungua plagi, napima kompresheni, kisha namimina oili kidogo ndani ya silinda na kupima tena. Geji ikipanda, ringi zimekwisha. Isipopanda, tazama valvu. Geji haina undugu na mtu.

Mzee mmoja akaniambia, "Fundi, niwekee oili nzito moshi upungue, kesho nauza."

"Niwie radhi mzee, mnunuzi utamwambia?"

Akacheka: mnunuzi ana macho. Macho gani yanayoona ndani ya silinda? Fiqhi ya Kiislamu ililijibu hili zamani: aibu iliyofichwa humpa mnunuzi haki ya kurudisha bidhaa. Wapo wasemao fundi hahusiki, yeye ni mkono tu. Sikubali. Anayeujua ugonjwa akauvika kanzu ni mshirika wa muuzaji. Uza bovu ukitaka, ila litaje, na bei iwe ya bovu. Kazi ya kuficha moshi siipokei.