Jicho Linatua Wapi?

Naomba tuanze kwa jaribio dogo. Mpe mtoto wako ukurasa huu ausome kimya, nawe ukae mbele yake uyatazame macho yake. Utaona kwamba hayatelezi juu ya mstari kama maji mferejini. Huruka, hutua, huruka tena, kama shomoro juu ya mtama ulioanikwa. Jambo hili lilichunguzwa huko Paris tangu karne ya 19, nasi chuoni tulilionyesha kwa walimu wanafunzi kwa kutumia kioo kidogo cha kunyolea.

Sababu yake ni umbo la jicho lenyewe. Nyosha mkono mbele yako, utazame ukucha wa dole gumba. Mahali unapopaona kwa ukali kamili hapazidi sana upana wa ukucha huo. Kwingine kote ni kama ukungu, ijapokuwa hatutambui. Basi jicho halina budi kuruka mara 3 hivi katika kila sekunde, likiokota hapa na pale. Miruko hiyo mingi hatuiamui sisi. Hutokea tu, kama kupumua.

Hapo ndipo swali langu linapoanzia. Je, mtu aweza kuwa na hatia kwa mahali jicho lake lilipotua?

Siulizi kwa kujifurahisha. Miaka kadhaa iliyopita, Jumapili moja tukiwa katika Zaburi, mlango wa kanisa ulifunguka. Aliingia binti mmoja ambaye hatukuwa tumemwona kwa muda mrefu, na mgongoni amebeba mtoto. Watu waligeuka, nami niligeuka. Nilimtazama mtoto usoni, nikatazama mabenchi ya wanaume, nikarudi kwa mtoto, nikaenda tena kwenye mabenchi. Yule binti alikaa karibu na mlango, akaondoka kabla ya Ushirika Mtakatifu. Siku ile ningeweza kuapa kwamba sikuwaza neno lolote baya. Nilitazama tu.

Baadaye nilisoma habari za mtaalamu mmoja Mrusi, Alfred Yarbus, ambaye kitabu chake juu ya mwendo wa macho kilitoka mwaka 1965. Alikuwa akibandika juu ya jicho la mtu kikombe kidogo sana chenye kioo, na mwanga uliorudishwa na kioo hicho ulichora katika karatasi njia yote ambayo jicho limepita. Picha aliyoitumia zaidi ni ya mchoraji Ilya Repin, iliyochorwa miaka ya 1880. Ndani ya chumba, jamaa wameketi. Mlango umefunguliwa na mtumishi. Ameingia mwanamume aliyekonda, aliyerudi kutoka uhamishoni, wala hakuna aliyemtazamia. Mama mzee anainuka kitini. Watoto wamegeuka mezani. Niliposoma hayo nililiweka chini lile kaburasha kwa muda.

Yarbus alimpa mtu picha hiyo aitazame kwa dakika 3 bila kumwambia atafute nini. Macho yalikwenda kwenye nyuso, yakarudi kwenye nyuso zile zile tena na tena, wala hayakutumia ule muda wa ziada kutembelea pembe za chumba. Kisha akaanza kumpa maswali. Alipomwuliza kama jamaa hao ni matajiri au maskini, jicho lilizunguka kwenye mavazi na vyombo vya nyumbani. Alipomtaka akadirie mgeni amekuwa mbali muda gani, jicho lilikwenda na kurudi baina ya uso wa mgeni na nyuso za jamaa zake. Picha ni ile ile, mtazamaji ni yule yule. Kilichobadilika ni swali. Watafiti waliokuja baadaye na vyombo bora wamebishana naye katika mambo kadhaa, lakini hilo la msingi limesimama.

Kwetu Itigi hili si geni. Mgeni akitazama vichaka vyetu huona miba tu, hadi macho yanachoka. Mrina asali akisimama mahali pale pale huona nyuki wanapopita na wanakoelekea. Hana macho makali kuliko ya mgeni. Amekuja na haja yake.

Basi mimi nilikuja na haja gani siku ile? Njia ya macho yangu inanishuhudia. Kwenda na kurudi baina ya uso wa mtoto na nyuso za wanaume si kutazama tu. Ni kujibu swali, na swali lilikuwa: baba yake ni nani? Sikuliuliza kwa maneno, hata moyoni. Lakini jicho lilitumwa, na aliyelituma ni mimi.

Najua wako watakaosema namwonea mwanadamu, kwa kuwa hakuna awezaye kulizuia jicho lisiruke. Nakubali kuhusu mruko wa kwanza. Kugeukia mlango, na kutafuta uso wa aingiaye, tumeumbwa hivyo, na nadhani ni zawadi. Ila kurudi mara ya pili na ya tatu ni jambo jingine. Katika mfano wa Bwana wetu, kuhani na Mlawi nao walimwona yule aliyejeruhiwa. Injili haisemi kwamba macho yao yalikuwa mabovu. Kila mmoja alikuwa na swali lake njiani, na la Msamaria lilikuwa tofauti.

Yule binti nilikutana naye sokoni baada ya mwaka mmoja na zaidi. Aliniamkia kwa heshima, nikamwambia tunamkosa kanisani. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, “Mwalimu, siku ile ulikuwa ukimpima mwanangu kwa sura za watu.” Nilikuwa nimesimama mbali naye mabenchi mengi, naye aliona. Niliomba radhi pale pale, kati ya vitunguu na dagaa, na sikuwa na la kujitetea.

Amerudi sasa, na mtoto anaimba pamoja na wenzake wa Shule ya Jumapili. Jina lake nalijua. Hata hivyo, wanaposimama kuimba, mara nyingine naona jicho langu limeruka lenyewe kuelekea mabenchi ya wanaume. Nalirudisha kwake, naye yupo katikati ya ubeti, mdomo wazi, meno mawili ya mbele hayapo.