Tumbo na Nyayo

Ama baad. Mwenyezi Mungu, katika Suratul A'raf aya ya 31, ameruhusu kula na kunywa, akakataza israfu. Leo Temeke na Kinondoni wamo waume ambao unene na kisukari vimewaharibia mishipa ya fahamu: msumari humchoma mtu unyayoni asihisi, hata kidonda kikaoza. Baadhi yao hununua vidonge vya mafuta ya samaki, na sahani haikupungua. Hiyo ni ghururi. Mafuta hayo yamo katika dagaa na vibua, na Mtume (s.a.w.) amefundisha mpaka wa tumbo: thuluthi chakula, thuluthi kinywaji, thuluthi pumzi. Basi atawadhaye na azitazame nyayo zake. Akiona jeraha asilolihisi, amwendee tabibu upesi. Mwili ni amana. Wallahu a'lam.