Nani Mwenye Kosa: Msemaji au Msikilizaji?

Katika mabaraza yetu husikika mashtaka mawili. Mgonjwa hutoka kwa daktari na karatasi mkononi, akaulizwa nyumbani ana maradhi gani, akajibu, "Wallahi sijui, amesema mengi." Naye daktari akihojiwa husema, "Mimi nimeeleza; asiyefahamu ni shauri lake." Twataka kuliangalia jawabu hili la pili, maana ndani yake mna jambo la haki na dhulma, si la adabu ya mazungumzo tu.

Sisi twaona kwamba ilimu ni amana, na amana haifiki kwa kutoka mkononi mwa mchukuzi, bali kwa kuingia mkononi mwa mwenyewe. Mtu aliyepewa barua ya jirani, akaitupa mlangoni usiku mvua yanyesha, hawezi kusema, "Nimefikisha."

Mfano bora tuujuao ni wa Bangladesh. Mwaka 1968, mjini Dhaka, watafiti walithibitisha kuwa mgonjwa wa kipindupindu aweza kurejeshewa maji ya mwili kwa kunywa maji yenye chumvi na sukari kwa kipimo, kwani sukari huyasaidia matumbo kuvuta chumvi na maji. Dawa yenyewe, basi, imo jikoni. Lakini miaka ilipita, na huko mashambani watoto wakazidi kufa kwa kuharisha, mama zao wasijue. Mwaka 1980 chama cha BRAC, kilichoasisiwa mwaka 1972 na Fazle Hasan Abed, kikaanza kupeleka wanawake nyumba hata nyumba kuwafundisha: mfinyo wa chumvi kwa vidole vitatu, konzi moja ya sukari guru, na maji karibu nusu lita. Hata kufikia mwaka 1990 walikuwa wameingia nyumba zaidi ya milioni 12.

Kilichotushangaza si wingi huo, bali ujira. Mwalimu hakulipwa kwa idadi ya nyumba alizoingia. Baadaye alifuata mkaguzi, akachagua baadhi ya kina mama, akawauliza wakumbukayo na kuwataka wachanganye maji mbele yake. Na mwalimu akalipwa kwa kadiri ya yale waliyoyahifadhi. Lau sisi tuandikao karatasi hii tungalilipwa hivyo, au khatibu wa Ijumaa, wengi wetu tungalirudi nyumbani mifuko mitupu.

Wako wataalamu waogopao kwamba kusema kwa lugha nyepesi ni kuiharibu ilimu. Hoja hii haidharauliki. Chumvi ikizidi humdhuru mtoto. Ndiyo sababu kule maji yaliyochanganywa na kina mama yalichukuliwa yakapimwa, na mambo kumi ya kukumbuka yakapunguzwa yakawa saba. Wepesi kwa msikilizaji ulikuwa uzito kwa msemaji.

Hata hivyo kazi haikunyooka. Ilionekana kuwa kina mama wengi wajua kuchanganya lakini hawayatumii maji yale. Hapo ingalikuwa rahisi kusema, "Hawa ni wajinga." Wenye kazi wakauliza, wakakuta kwamba baadhi ya walimu wenyewe hawakuiamini dawa yao: wakiharisha walitafuta vidonge. Tena wanaume hawakuambiwa kitu. Basi walimu wakafundishwa kwa nini dawa ile hufanya kazi, na wanaume wakafuatwa sokoni na misikitini.

Turudi pwani yetu. Kwa daktari, bwana shamba na mwanasheria ombi letu ni dogo: kabla mtu hajaondoka, mwambie, "Hebu nieleze, ukifika nyumbani utafanya nini?" Akikosea, eleza tena kwa njia nyingine, usirudie maneno yale yale kwa sauti kubwa zaidi. Dakika mbili zatosha.

Nasi wagonjwa tuna sehemu yetu. Heshima tuliyolelewa nayo hutufanya kuitikia "Naam, naam" mbele ya mwenye cheo, hali hatukufahamu hata neno moja, kwa kuona haya kuuliza. Bibi mzee akiitika "Naam, daktari" mara tatu, daktari hudhani amefikisha. Yule bibi naye hushika njia akitafuta wa kumsomea karatasi.