Hela Inayoonekana na Bahasha Yenye Namba

Hapa Tunduma tumeulizwa zaidi ya mara moja, ibada ikiisha: "Baba Mchungaji, hiyo hela ya kidijitali ya serikali ndiyo chapa ya Ufunuo 13?" Anayeuliza si mtu wa kuchekwa. Ni mama anayevuka kwenda Nakonde kuuza mchele, anarudi na kwacha kwenye khanga, na hakuna anayejua anatoa sadaka kiasi gani.

Tuanze na yaliyopo. Mwaka 2021 Benki Kuu ya Tanzania ilisema inajiandaa kuwa na sarafu ya kidijitali. Januari 2023 ikaeleza kwamba inakwenda hatua kwa hatua, kwa tahadhari. Nigeria ilianza yake Oktoba 2021, na wananchi wengi hawakuichangamkia. Hakuna aliyepigwa chapa kwenye paji la uso.

Lakini hofu ya mama ina mizizi. Januari 2020 laini ambazo hazikusajiliwa kwa alama za vidole zilianza kufungwa, na wengi walikuwa bado wanahangaikia namba ya NIDA. Julai 2021 zikaja tozo za miamala, zikapunguzwa baada ya watu kulalamika. Noti iliyofungwa kwenye khanga haizimwi na mtu aliyeko ofisini. Mama analijua hilo bila kusoma uchumi.

Luther, akieleza mkate wa kila siku katika Katekisimo Ndogo, aliweka fedha na serikali njema ndani ya ombi lile lile moja. Kwa hiyo anayeomba Baba Yetu anaruhusiwa kuuliza: nani ataona matumizi yangu, nani ataweza kuyazuia, nami nitalalamika kwa nani? Huko si kuasi. Tukiri pia kwamba noti inaficha mengine. Magendo na rushwa za mpakani zinaipenda sana, na baadhi ya wanaonufaika nazo tunakaa nao kanisani.

Katika Mathayo 6 Bwana anataka sadaka ambayo hata mkono wa kushoto hauijui. Basi hapo ndipo tunapokwama sisi wachungaji, maana tulianza kuhesabu kabla ya Benki Kuu. Bahasha zetu zina namba. Majina ya waliomaliza ahadi tunayasoma mbele ya watu, na wasiotajwa wanajulikana kwa kutotajwa. Tumewahi kufungua daftari la ahadi wakati familia yenye msiba imesimama nje ya ofisi, tukatafuta kwanza kama marehemu alikuwa analipa. Watoto wake walituona kupitia dirishani tukigeuza kurasa. Tulimzika, ndiyo, lakini baada ya kugeuza kurasa.

Sarafu ya serikali haijafika Tunduma. Daftari lile lipo kabatini, na yule mama ana namba yake humo. Alipotuuliza habari za chapa tulimjibu kwa kirefu kuhusu Nigeria na Benki Kuu. Habari za bahasha hakuuliza, nasi hatukuzitaja.