Kuonja na Kuweka

Wahenga waliacha methali mbili ambazo hazijapata kupatana hata leo. Moja husema akiba haiozi. Ya pili husema mla ni mla leo, mla jana kala nini. Mwenye kufuata ya kwanza huonekana mtu wa busara mpaka siku anapokufa na ghala yake imejaa. Mwenye kufuata ya pili huonekana mtu wa furaha mpaka siku ya njaa. Kwa nafaka na fedha ugomvi huu si mgumu kuamua, kwa maana mtu aweza kula nusu akaweka nusu. Lakini viko vitu ambavyo uzuri wake wote umo katika kutumiwa, na kutumiwa kwake ndiko kufa kwake. Udi wa thamani ni kimoja katika vitu hivyo. Ukiwa ndani ya kijaluba ni kipande cha mti mweusi tu. Ukitiwa katika chetezo huijaza nyumba nzima habari zake, kisha huwa jivu. Je, mwenye udi hasa ni nani: yule aliyeufungia, au yule aliyeuchoma?

Swali hili limepata uwanja mpana mahali ambapo msomaji wa Afrika ya Mashariki huenda asipatazamie, nako ni kwa watu wenye uraibu wa kuonja na kukusanya wiski ya Ayalandi. Msomaji ambaye dini yake imemharimishia kileo hana haja ya kuliacha swali kwa sababu ya kinywaji. Hukumu ya kinywaji iko mahali pake. Linalotafutwa hapa ni maana ya kumiliki.

Wiski ni pombe ya nafaka iliyokenekwa, yaani iliyochemshwa, mvuke wake ukashikwa na kurudishwa kuwa maji. Kanuni yake ni ile ile ya gongo; tofauti ni mtambo, nafaka na subira. Jina lenyewe latokana na maneno ya Kiayalandi, uisce beatha, ambayo maana yake ni maji ya uhai. Kwa desturi ya Ayalandi aghalabu hukenekwa mara 3, na sheria ya nchi hiyo ya mwaka 1980 yataka ikae katika mapipa ya mti kwa muda usiopungua miaka 3, ndani ya kisiwa chenyewe. Namna iliyo ya Kiayalandi hasa hupikwa katika mitungi mikubwa ya shaba kwa kuchanganya kimea cha shayiri na shayiri isiyooteshwa. Husemwa kwamba desturi hiyo ilitiwa nguvu na ushuru uliotozwa juu ya kimea mwaka 1785. Watu walitaka kupunguza kodi wakapata ladha. Si mara nyingi mkwepa kodi huwaachia wajukuu zake urithi mwema kiasi hicho.

Mapipa hayo aghalabu yamekwisha kutumika kwa vinywaji vingine, ama vya Marekani ama vya Hispania, nayo hutia katika wiski rangi na harufu ya maisha yao ya kwanza. Pipa hupumua. Kila mwaka sehemu ipatayo 2 katika 100 hupotea hewani, na wenye kazi hiyo huiita fungu la malaika. Basi hata kabla mnunuzi hajatokea, kitu hiki kimekwisha kufundishwa kwamba hakuna kuiva pasipo kupungua.

Mwonjaji hutia kidogo katika bilauri yenye tumbo pana na mdomo mwembamba. Hunusa kabla ya kugusa, huongeza matone machache ya maji ili harufu zifunguke, hushikilia ulimini, na akiwa na bilauri nyingi mbele yake hutema. Akiulizwa, hujibu kwamba kuonja si kunywa. Mnywaji hutafuta kile ambacho kileo kitamtenda. Mwonjaji hutafuta kujua kileo ni kitu gani. Hapana shaka tofauti hii ni ya kweli, ila haina ukuta katikati. Mchovya asali hachovyi mara moja, na wiski ina nguvu kupita asali.

Ayalandi yenyewe haikosi ushahidi. Mwaka 1838 Padre Theobald Mathew alianzisha katika mji wa Cork harakati ya kuapa kuacha kileo, na watu kwa mamilioni wakaapa. Na usiku wa tarehe 18 Juni 1875 ghala ya wiski ilishika moto mjini Dublin, mapipa yakapasuka, na wiski ikatiririka njiani kama maji ya mvua. Watu walikimbia na vyombo, na wasio na vyombo wakachota kwa kofia na viatu. Walikufa watu 13, wala si moto uliowaua; waliuawa na kile walichokinywa. Mwonjaji mwadilifu hana budi kukaa na habari hizi mbili mezani pake. Akisema kwamba uraibu wake hauna hatari, asisadikiwe. Akisema kwamba una kipimo, na kwamba kipimo hicho ni kazi ya kila jioni, huyo amesema kweli.

Mkusanyaji ni mtu mwingine, ijapokuwa mara nyingi wawili hao hukaa katika mwili mmoja. Ili kumfahamu yafaa kujua kilichoipata nchi anayokusanya chupa zake. Alfred Barnard, aliyezuru viwanda vya wiski vya Uingereza na Ayalandi na kutoa kitabu chake mwaka 1887, alivikuta Ayalandi viwanda 28. Wiski ya Dublin ilikuwa na sifa duniani. Mwaka 1830 Aeneas Coffey, aliyekuwa ofisa wa ushuru huko huko Ayalandi, alikuwa amepata hati ya mtambo mpya wa kukeneka mfululizo kwa gharama ndogo. Wakubwa wa Dublin waliudharau, Waskoti wakaupokea, nao wakaijaza dunia. Kisha zikaja vita vya uhuru, marufuku ya kileo Marekani toka 1920 hata 1933, na ugomvi wa biashara na Uingereza katika miaka ya 1930. Kiwanda cha Bandon kilinyamaza mwaka 1925, cha Comber mwaka 1953, cha Tullamore mwaka 1954. Mwaka 1966 majina makubwa ya Dublin na Cork yaliungana kuwa kampuni moja, na mwaka 1975 kiwanda kipya cha Midleton kikachukua kazi ya kiwanda cha zamani kilicho jirani yake. Katika miaka ya 1980 ilifika hali ya kwamba katika kisiwa kizima vilibaki viwanda viwili, Midleton na Bushmills. Leo vimerudi kuwa makumi, lakini vilivyokufa havikufufuka navyo; palipofufuka jina, mitungi na mikono ni mingine.

Basi chupa ya Bandon au ya Comber iliyosalia ikiwa imezibwa si sawa na chupa ya dukani. Udi ukiisha, iko miti mingine msituni. Chupa hii ikiisha, haiko. Mkusanyaji akiiweka juu ya rafu, wima, mbali na jua (kwa kuwa wiski kali ikilala hula kizibo), hana haki ya kuitwa bahili kwa hilo tu. Huenda akaitwa mlinzi. Na hapa ndipo pana ugumu, kwa sababu mlinzi ni lazima awe analinda kitu kwa ajili ya mtu au kwa ajili ya siku.

Mwenye kuweka mvinyo wa zabibu anao udhuru: mvinyo mwingine huendelea kukua ndani ya chupa, naye aweza kusema, nangoja. Mwenye kuweka wiski hana udhuru huo. Wiski huzeeka katika mti. Katika kioo umri wake husimama. Iliyokaa pipani miaka 12 ikatiwa chupani mwaka 1950 ni ya miaka 12 hata leo, nayo itakuwa ya miaka 12 siku ya kufunguliwa na kitukuu. Haingoji cho chote. Anayengoja ni mwanadamu, na yampasa ajiulize angoja nini.

Wako wanaongoja bei. Hao ni rahisi kuwahukumu, na labda wamehukumiwa kupita kiasi, kwa sababu kununua na kuuza si dhambi. Ila mtu anayenunua chupa mnadani ili aiuze mnadani hajaimiliki bado. Ameibeba tu, kama mpagazi abebavyo mzigo asioujua ndani yake. Viwanda navyo vimekwisha kumfahamu mtu huyu. Tangu 1984 Midleton hutoa kila mwaka wiski ya tunu yenye mwaka wake juu ya karatasi ya chupa, na wako wakusanyaji ambao huhangaika kuupata mfululizo wote pasipo pengo. Kwao kufungua chupa moja ni kung'oa jino katika kinywa kizima. Mwaka 2020 kampuni ile ile ilitoa wiski ya miaka 45 iliyokenekwa katika kiwanda cha zamani kabla hakijafungwa: chupa 48, kila moja kwa yuro 35,000. Kwa bei hiyo ni vigumu kufikiri kwamba mtengenezaji alitazamia zote zinywewe. Ni kinywaji kilichozaliwa kikiwa kumbukumbu.

Wengine hawangoji bei. Huweka kwa mapenzi, na hoja yao ni nzito: kama kila chupa ya Comber ingalifunguliwa zamani, leo pasingalikuwa na ya kufungua. Mwonjaji wa leo anakula matunda ya uchoyo wa jana, naye hana heshima ya kuusema vibaya. Hoja hiyo haina jibu kwa chupa kumi. Kwa chupa ya mwisho jibu liko, nalo ni kwamba kinachohifadhiwa si ladha. Ladha haikai ndani ya chupa. Ndani ya chupa mna maji yenye uwezo wa kuwa ladha siku yatakapokutana na ulimi. Na siku hiyo isipofika, Comber imekufa mara mbili, mara ya kwanza kiwandani na mara ya pili rafuni.

Hili si fumbo la wanafalsafa tu. Mwaka 2014 ziliandikwa kanuni rasmi za wiski ya Ayalandi, ikaamriwa kwamba katika ile namna ya shayiri mbili, nafaka nyingine kama oti, ngano na rai zisizidi sehemu 5 katika 100. Baadhi ya wakenekaji wapya walipinga. Walifunua madaftari ya kale na kuonyesha kwamba mababu walitia oti na ngano kwa wingi kupita kiasi hicho, na kwamba kanuni iliyoitwa ya jadi ilikuwa na umri mdogo kuliko jadi. Daftari laweza kusema ni mizani ngapi za oti zilizotiwa. Haliwezi kusema matokeo yake yalikuwa nini mdomoni. Shahidi wa jambo hilo yuko katika chupa zilizozibwa, naye hajaitwa kusema.

Tena shahidi asiyeitwa huenda akawa mwongo. Mfano mmoja watoka nje ya Ayalandi, katika wiski ya Uskoti, lakini sheria yake ni moja. Mwaka 2017, katika hoteli moja ya Uswisi, mgeni alilipa karibu faranga 10,000 kwa bilauri moja iliyotoka katika chupa iliyoandikwa mwaka 1878. Baadaye mabaki yalipelekwa kwa wataalamu wa Uingereza, wakapima, wakakuta kwamba yaliyomo yalitengenezwa yapata mwaka 1970 au baada yake kidogo. Mgeni alirudishiwa fedha zake. Yafaa kuangalia kwamba uwongo huo ulifichuliwa kwa sababu chupa ilifunguliwa. Ingalibaki imezibwa, ingaliendelea kuwa ya 1878, ikasifiwa, ikauzwa, ikarithiwa. Mwenye kuweka pasipo kufungua hamiliki kitu anachokijua. Anamiliki imani, na karatasi iliyobandikwa juu ya kioo.

Wapo wapenzi wa wiski ambao wameipata njia ya tatu. Huchanga fedha, watu kumi au ishirini, wakanunua chupa moja ya kiwanda kilichokufa, wakakutana na kuifungua. Kila mmoja hupata kiasi kisichojaza kijiko vingi. Wasio na uwezo wa kununua hata kizibo chake hukaa meza moja na wenye uwezo, na hapana anayelewa, kwa kuwa hakuna cha kulewea. Mtu aweza kucheka kwamba ni harambee ya kununua matone. Lakini katika njia zote ni hii pekee ambayo humlipa mlinzi haki yake, kwa maana chupa ililindwa miaka yote hiyo kwa ajili ya siku, na siku yenyewe ndiyo hii. Baada ya hapo hapana kurudi nyuma. Hewa imekwisha kuingia, na kinachosalia hufifia mwezi kwa mwezi, hivyo ni afadhali kimalizwe.

Wanapokwisha kuonja huandika. Mmoja huandika tofaa bichi, mwingine pilipili, mwingine ngozi ya kiatu kipya au mafuta ya kitani, na wa nne hukataa hayo yote akasema ni asali iliyoungua. Maneno yote ni ya kuazima kwa vitu vingine, kwa sababu ladha haina lugha yake. Msomaji wa miaka ijayo atakayelishika daftari hilo atajua kwamba watu hawa walikutana na kitu, na atajua kilifanana na nini.