Kusikia Si Kutii

Mwalimu akikuambia picha yako haina kitu, unafaa kumwamini kiasi gani? Swali hili si la wanafunzi wa upigaji picha pekee. Linamhusu yeyote aliyewahi kupeleka kazi yake kwa mtu anayejua zaidi yake, akarudi nyumbani kimya. Lakini kwetu linauma kivyake, kwa sababu picha huonyesha macho yako yalikuwa wapi. Ikikataliwa, unahisi ni macho yamekataliwa.

Tumelelewa na methali: asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Na mama akisema "huyu mtoto hasikii," hamaanishi masikio yako yana shida. Anamaanisha hutii. Ndiyo maana mwalimu akikukosoa, wengi wetu tunajua njia mbili tu: kufuata kila neno, ama kununa na kuambia marafiki kwamba huyo mzee amepitwa na wakati. Nadhani kuna njia ya tatu, na inaanza kwa kutenganisha kusikia na kutii.

Chukua mfano wangu. Muhula uliopita niliwasilisha picha kumi za Marikiti alfajiri. Niliyoipenda zaidi ilikuwa ya mvuta mkokoteni aliyeketi juu ya magunia ya viazi, simu sikioni, akicheka hadi macho yamefunga. Nilipata 48 kwa 100. Chini ya picha hiyo mwalimu aliandika mambo mawili. La kwanza: "Jicho langu linakimbilia lile bango jekundu la pembeni kabla ya kufika usoni." La pili: "Hakuna uchungu hapa. Mtafute akivuta mzigo, jasho likimtoka."

Iliniuma, sitadanganya. Nilikuwa nimeamka saa tisa usiku mara nne kwa sababu ya hizo picha. Lakini usingizi uliokosa hauonekani kwa picha. Anayetazama haoni nauli uliyolipa wala baridi uliyopigwa. Anaona fremu tu.

Sasa, ukiyaangalia yale maoni vizuri, si ya aina moja. La kwanza ni ripoti. Mtu anakueleza macho yake yalifanya nini, na huwezi kumbishia, kama vile huwezi kumbishia mgeni akisema chai ina chumvi. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi nilikuwa pale, nilisikia kile kicheko, na kila nikitazama picha nakisikia tena. Yeye hakuwepo. Ni macho yake yanayoweza kuniambia ni kiasi gani cha ile asubuhi kimeingia kwa fremu. Nikaamua kuipima: nikawaonyesha watu watatu hiyo picha bila maelezo, nikawauliza wameona nini kwanza. Wawili wakasema bango.

La pili ni amri, na ndani ya amri kuna imani: kwamba mtu wa mkokoteni akipigwa picha lazima aonekane akiumia. Hapa si ladha yangu dhidi ya ladha ya mwalimu tena. Kuna mtu wa tatu. Yule jamaa alinikubalia nimpige picha akicheka. Nikirudi kumvizia akiwa amekunja uso, eti kwa sababu ndiyo sura inayopata alama, nitakuwa nimeuza uso wake ili nipite mtihani wangu.

Tumtendee haki mwalimu pia, kwa sababu imani yake ina msingi. Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi, alipeleka kamera yake Korem, Ethiopia, Oktoba 1984, na picha zake za televisheni za watu waliokuwa wakifa njaa zikaufanya ulimwengu uchange pesa. Uchungu ukionyeshwa unaweza kuokoa. Lakini pale Korem uchungu ulikuwa mbele ya lenzi. Mbele ya lenzi yangu siku ile kulikuwa na kicheko. Kuonyesha uchungu ni kitu kimoja, kuuagiza ni kingine.

Wenzangu darasani walinifariji kwa jina la Robert Frank. Kitabu chake The Americans, chenye picha 83, kilipochapishwa Marekani mwaka wa 1959, wakosoaji kadhaa walikiponda, na leo wanafunzi wanakisoma kama kitabu cha msingi. Sawa, lakini hiyo inathibitisha tu kwamba wakosoaji hukosea. Haithibitishi kwamba wamekosea juu yangu. Ziko picha nyingi zilizokataliwa kwa sababu zilikuwa mbaya, na hakuna anayezikumbuka. Kukataliwa si cheti.

Kwa hivyo siku hizi nikipokea maoni najiuliza: hapa ameniambia alichoona, ama anachotaka? Alichoona nakichukua chote, hata kama kimesemwa kwa ukali. Anachotaka nakipima kwanza. Na kama kukikubali kunamgharimu mtu aliye kwenye picha, nakataa kwa heshima, halafu gharama nailipa mimi.

Ile picha nimeikata upande wa kulia, bango likatoka. Kicheko kimebaki. Alama pia zimebaki 48.