Walii, umemkatalia dada yako kwa hoja ipi?

  

Ndugu msomaji, leo sitawasema watu wengine. Mimi ni mwalimu wa Maarifa ya Uislamu katika shule moja ya sekondari hapa Dodoma, na jioni nakaa na vijana katika darsa msikitini. Mlango wa ndoa nimeusomesha mara nyingi: nguzo zake, sharti zake, nani ni halali kwa nani. Baba yetu alipofariki, Allah amrehemu, uwalii wa mdogo wangu wa kike ukaniangukia mimi. Hapo ndipo nilipogundua kuwa mlango huo nilikuwa naujua kwa ulimi tu.

Mdogo wangu ni muuguzi. Alikwenda Uingereza kusoma, akapata kazi katika mji wa Leicester, na sasa ana miaka 33. Huku nyumbani watu wakisikia hivyo husema, "Huyo ana kiburi cha pesa, ndiyo maana haolewi." Wallahi si kweli. Binti huyu amekuwa akiomba kwa miaka sita atafutiwe mume, tena mume anayeswali, na sisi ndugu zake tulikuwa tukimjibu kwa dua na vichekesho.

Leicester haina uhaba wa Waislamu. Misikiti ipo mitaa na mitaa. Wengi asili yao ni Gujarat, na wako waliofika kutoka Uganda mwaka 1972, Idi Amin alipowafukuza Waasia. Bibi mmoja wa kundi hilo humsalimia mdogo wangu sokoni kwa Kiswahili safi kabisa na kumwita mwanangu. Lakini rafiki yake alipojaribu kumtaja kwa mtoto wa kiume wa bibi huyo, Kiswahili kiliishia hapo. Simlaumu bibi wa watu, kwa sababu nitakayoieleza mbele.

Wapo wengine waliomjia kwa njia nyingine. Mwanamume ana mke na watoto, anataka nikaha ifungwe chumbani, mashahidi wawili, na ndoa isiandikishwe serikalini "kwa sababu mbele ya Allah inatosha". Hapa naomba wazazi wenye mabinti Ulaya wasikilize vizuri. Kwetu Tanzania, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaitambua ndoa ya Kiislamu, na sheikh aliyesajiliwa kufungisha ndoa anakupa cheti. Uingereza sivyo. Kule nikaha peke yake, bila kufuata taratibu za sheria yao ya ndoa ya mwaka 1949, haihesabiki kuwa ndoa mbele ya serikali. Kuna mke na mume waliofunga nikaha mwaka 1998 katika mgahawa mmoja eneo la Southall, London, imamu akiwepo. Walikubaliana kwamba baadaye wataandikisha. Mke akakumbusha, mume akakataa, na watoto wakafika wanne. Walipoachana, kesi ikaenda mahakamani. Mwaka 2018 jaji wa Mahakama Kuu alimwona mke kuwa na haki ya kupata amri ya kubatilisha ndoa, ambayo ingemfungulia njia ya kudai matunzo na mgawo wa mali. Februari 2020 Mahakama ya Rufaa ikaitengua hukumu hiyo: ile haikuwa hata ndoa batili, bali kwa sheria hapakuwa na ndoa yoyote. Basi ndugu yangu, anayemwambia binti yako "tusiandikishe", muulize anaogopa nini.

Mwaka jana mdogo wangu alinipigia simu akiwa na furaha. Amepatikana mtu. Fundi umeme, mzaliwa wa Birmingham, wazazi wake wametoka Jamaica. Amesilimu miaka kumi na moja iliyopita. Aliwahi kuoa, wakaachana, ana mtoto mmoja, na hayo yote aliyaeleza mwenyewe siku ya kwanza mbele ya mke wa imamu. Alikuwa anataka namba ya walii ili alete posa.

Mimi nikasema hapana. Sikuuliza swala yake wala tabia yake. Nilisema, "Hatumjui ukoo wake," na nikaona nimesema neno la hekima. Baba wadogo wa Kondoa wakaniunga mkono, mama akalia, nami nikajihisi nimeilinda familia.

Badala yake tukamletea kijana wa nyumbani, Mrangi mwenzetu, amehitimu chuo, baba yake anafahamika. Nilimpa namba ya mdogo wangu. Baada ya simu ya kwanza binti alinieleza maswali aliyoulizwa. La kwanza, viza ya mwenzi huchukua muda gani. La pili, mshahara wako ni kiasi gani. La tatu, mtu akishafika huko, analazimika kukaa mji mmoja na mkewe? Swali la tatu lilinifanya nikae chini. Tangu Aprili 2024 anayemleta mwenzi Uingereza anatakiwa kuthibitisha kipato cha pauni 29,000 kwa mwaka, kutoka 18,600 zilizokuwepo tangu 2012. Maana yake binti angekesha wodini zamu za usiku ili kufikisha kiwango hicho, kwa ajili ya mtu ambaye hajafika na tayari anauliza njia ya kuondoka.

Wiki hiyo hiyo nilikuwa na darsa, na zamu ilikuwa ya Suratul Baqara, aya ya 232. Humo Allah (s.w) anawakataza mawalii kuwazuia wanawake kuolewa na wanaume waliokubaliana nao kwa wema. Katika Bukhari tunapata sababu ya kuteremka kwake. Sahaba Ma'qil bin Yasar (r.a) alimuoza dada yake, mume akamuacha mpaka eda ikaisha, kisha akarudi kuposa tena. Ma'qil akaapa kuwa hampati. Dada mwenyewe alikuwa akimtaka. Aya ikashuka, Ma'qil akatii, akamuoza.

Nimeisomesha aya hii zaidi ya mara kumi. Siku zote niliiona kama aya ya watu wa vijijini wenye tamaa ya ng'ombe. Siku ile nikawa natazama jina la Ma'qil kwenye daftari langu: kaka, walii wa dada yake, ameapa. Nilimaliza darsa mapema, nikawaambia vijana kichwa kinauma.

Nilikwenda Kondoa kuzungumza na baba mdogo. Yeye amesoma, si mtu wa kudanganywa na kijana mwenye shahada. Akanitolea hoja ya kufuu: wapo mafakihi waliosema aliyesilimu mwenyewe si kufuu wa binti aliyezaliwa na baba Muislamu. Nikamkubalia kuwa kauli hiyo ipo vitabuni. Nikamwambia pia kuwa kufuu ni haki ambayo mwanamke na walii wake wanaweza kuisamehe, na kwamba Imamu Malik aliweka mbele dini. Fatima binti Qays, Mkuraishi, aliposwa na Muawiya na Abu Jahm. Mtume (s.a.w) akamweleza upungufu wa kila mmoja bila kuficha, akamshauri aolewe na Usama, mtoto wa Zayd aliyekuwa mtumwa kisha akaachwa huru. Imo katika Muslim. Hakupenda mwanzoni, kisha akaolewa, na Allah akamjaalia kheri.

Baba mdogo akasema, "Hao ni masahaba."

Nikamuuliza: "Baba, babu wa babu yetu alisilimu kwa mikono ya wafanyabiashara wa misafara. Yeye alipooa, baba yake Muislamu alikuwa nani?" Akacheka kwa sauti, akaniagizia chai, lakini hakunijibu. Na ndiyo sababu simlaumu yule bibi wa sokoni. Yeye anawatazama Waafrika kama sisi tunavyowatazama Wajamaika.

Mtazame Nabii Musa (a.s) katika Suratul Qasas. Anafika Madyan mgeni, mkimbizi, ana njaa, anatafutwa na serikali ya nchi yake. Ukoo wake pale nani anaujua? Mabinti wa mzee walichokiona ni kuwa aliwanyweshea wanyama wao kisha akaenda kukaa kivulini. Mmoja akamsifu kwa baba yake kwa mambo mawili, nguvu na uaminifu. Na mzee mwenyewe ndiye aliyetamka kuwa anataka kumuoza mmoja wa binti zake. Leo baba akifanya hivyo hapa mjini tutasema amechoka kulisha. Umar bin Khattab (r.a) alimpeleka Hafsa kwa Uthman, kisha kwa Abu Bakar, kabla Mtume (s.a.w) hajamuoa. Hakuona haya kukataliwa mara mbili kwa ajili ya mwanawe.

Na jambo hili si la Ulaya tu. Tangu serikali ilipotangaza kuhamia Dodoma mwaka 2016 mji umejaa mabinti wa Kiislamu, walimu, wauguzi, makarani, mbali na wanaohitimu UDOM kila mwaka. Wanaswali nasi tarawehe, nyuma ya pazia. Amri ya Suratun Nur aya ya 32, ya kuwaoza wasio na wenzi, inausemesha umma mzima. Kamati zetu za misikiti zina michango ya vigae na vipaza sauti. Sijaona iliyomteua hata mzee mmoja na mkewe wa kuulizwa, "Je, kuna kijana mnayemjua?"

Nilimpigia imamu wa Birmingham. Nilimuuliza anaswali alfajiri wapi, ana madeni gani, na akikasirika hufanya nini. Katika la mwisho imamu alinyamaza kidogo, akasema hukasirika, hutoka nje, hurudi ameshatawadha. Nikamwomba mdogo wangu radhi. Alikaa kimya kwenye simu mpaka nikadhani laini imekatika. Kisha akasema, "Kaka, miezi minane."

Nimempa imamu wakala wa kuozesha, kwa sharti moja, kuwa ndoa iandikishwe serikalini kwanza, asubuhi, na nikaha ifuate mchana wake. Bwana harusi amekubali bila kujadili. Mama bado anasononeka, sitaki kusema uongo. Baba mdogo jana alipiga simu kuniuliza saa nane ya mchana ya Leicester huku kwetu ni saa ngapi, na kama simu yake ya zamani itaweza kuonyesha picha.